Mkono wa Nogo

Kijijini, 3 Mei 1987

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku chini ya mlima. Sisi wazima, na mlima nao umetulia, asubuhi unatoa moshi kidogo kama mzee anayevuta tumbaku. Mjukuu wako Uto ametimiza miaka mitano, ana maneno kama kasuku. Na wewe hali gani huko Tawau, ng'ambo ya bahari? Jirani yetu Boli aliporudi Pasaka alisema unakohoa kwa ile dawa mnayonyunyizia kakao. Funga kitambaa mdomoni, Mama, hata wakikucheka.

Nina jambo. Ile pembe ya ndovu waliyoileta akina Laba, mume wangu, kuwa mahari yangu, bado iko darini kwa Mjomba tangu Uto ananyonya, na nguo ya kuijibu haijapanda kwenda kwao. Wewe unajua maana yake: mpaka ipande, mtoto hahesabiwi wa ukoo wa babake. Mwaka jana kwenye karamu ya mahindi mapya watoto wote wa ukoo wa Laba waliitwa ndani ya nyumba kubwa. Uto alibaki mlangoni na kibakuli chake, pamoja na wageni. Akaniuliza, "Mama, mimi wamenisahau?" Nikamwambia ndani kuna joto. Mama, nilitamani kuuma mtu.

Basi nimeingia chama cha wasokotaji. Kila Alhamisi tunakaa barazani kwa Bibi Bengan, wanawake kumi na wanne, pamba katikati, kila mtu na kijiti chake cha kusokotea. Nguo nitaitengeneza mwenyewe, vipande vitatu, uzi wa mkono mtupu. Vidole vyangu vimeshaota sugu. Lakini kila nikimaliza tonge la uzi Bibi Bengan analivuta, anaufungua uzi kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, halafu anasema kwa sauti, "Wa mtoto wa Nogo tuupime mara mbili." Na wenzake wanacheka chini chini.

Nilikuwa na miaka kumi ulipoondoka. Ninachojua ni kwamba nguo uliyomtengenezea Mama Mdogo ilirudishwa siku ya arusi yake, wakasema umechanganya uzi wa dukani, wakakuita mwizi. Nakuuliza kama mtoto anavyomuuliza mamake: ulifanya? Na kama una chochote cha kunisaidia, nitumie. Kipande cha tatu nimekwama.

Mwanao,
Ose

*

Tawau, 20 Julai 1987

Mwanangu Ose,

Barua imefika ikiwa imelowa lakini inasomeka. Mimi mzima, kikohozi kinakuja kinaondoka. Mbusu Uto mashavu yote mawili.

Nimempa Boli furushi akuletee. Ni uzi mwekundu na wa nili, umetiwa rangi tayari, mwembamba, sawasawa, haukatiki. Ni wa dukani. Fumia kipande chako cha tatu na umpelekee Bengan akaupime mara mia.

Uzi wangu waliuita wa dukani. Sasa waule huo wa dukani wenyewe.

Hilo swali lako, usiniulize tena.

Mamako

*

Kijijini, 30 Agosti 1987

Mama,

Sisi hatujambo, natumaini nawe hujambo. Salamu zimekwisha.

Furushi lako lilifika Alhamisi. Boli kwa ujinga wake akalileta barazani kwa Bibi Bengan, mbele ya watu wote, eti "Ose, mzigo wa mamako!" Na mimi mjinga mwenzake nikalifungua pale pale kwa furaha. Nilidhani ni sabuni. Nilidhani ni kanzu ya Uto!

Uzi ukamwagika miguuni kwangu, mwekundu kama ulimi.

Bibi Bengan hakunyanyuka. Akaokota ncha moja, akaufungua kwa vidole. Akasema, "Unageuka kushoto." Akaniangalia. "Wetu sisi tunausokota kulia, wa dukani umekazwa kushoto. Miaka kumi na miwili iliyopita nilishika uzi kama huu hapa hapa. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Nikasema, "Bibi, sikuuagiza."

"Hukuuagiza, umekuja wenyewe kwa miguu?"

Wakacheka, Mama. Lipat, yule msokotaji mwenzangu, alicheka mpaka akapaliwa na tambuu. Wameniambia nisikae kwenye mkeka wao mpaka watakaponiita. Matonge yangu kumi na moja, kazi ya mwaka na nusu, wamenirudishia ndani ya kikapu wakisema hawajui lipi la mkono na lipi la duka.

Nilikuomba msaada. Ulinitumia hasira zako zimefungwa kwa kamba. Jina lako ulishalila mwenyewe, sasa unakula la kwangu na la mtoto wangu. Mwakani Uto atakaa tena mlangoni, na safari hii akiniuliza nitamwambia: bibi yako ndiye aliyekuweka hapa.

Usiniandikie.

Ose

*

Kijijini, 14 Februari 1988

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Umenitii, hukuandika. Miezi mitano nilikuwa nafurahi kwa hilo, kisha nikaacha kufurahi.

Soma taratibu, mimi si mwandishi, na ninayotaka kusema yananisonga.

Nimekuwa nikisokota peke yangu jikoni. Uto anataka kila ninachoshika. Wiki iliyopita nikampa kijiti kidogo na pamba, achezee. Nikageuka kupepeta mahindi. Niliporudi amekwisha kusokota uzi wa urefu wa mkono wangu, tena mzuri, mimi nilichukua miezi mitatu kufika hapo. Lakini kijiti alikizungusha kwa mkono wa kushoto.

Nikaushika uzi wake, nikaufungua kwa vidole kama Bibi Bengan. Ulifunguka kinyume na wangu, sawa na ule wa dukani.

Mama, nilikaa chini sakafuni.

Kisha nikaenda kuuchukua ule uzi wako mwekundu, ambao nilikuwa nafungia mbuzi kwa hasira. Nikaufungua, lakini sikuishia pale wanapoishia wao. Niliendelea mpaka mwisho. Ulipasuka nyuzi mbili, kwa sababu mashine husuka mbili pamoja. Wa Uto nikaufungua mpaka mwisho, haukuwa na nyuzi mbili. Ulikuwa mmoja tu, ukarudi kuwa pamba mkononi mwangu, nikaupuliza ukaruka.

Hapo nikakumbuka ukuta. Ulikuwa unasokota umeugeukia ukuta, na chamani ulikuwa unaenda kufuma tu, uzi unautoa nyumbani. Watu walisema Nogo ana maringo. Ulikula kwa mkono wa kulia, ukapokea kwa mkono wa kulia. Lakini kijiti ulikizungusha na mkono upi, Mama?

Kama ni huo ninaoudhani, basi nina hasira mara mbili kuliko mwanzo. Kwao wao, kwa kuhukumu uzi nusu. Na kwako. Ungekaa tu mbele yao ukazungusha kijiti! Dakika moja! Badala yake ukaniacha na miaka kumi, nikaitwa mtoto wa mwizi kisimani, kanisani, arusini kwangu. Mimi mwenyewe nilikuita hivyo moyoni mwangu. Kwa nini uliniacha nikuite hivyo?

Mwanao,
Ose

*

Tawau, 2 Aprili 1988

Ose mwanangu,

Mimi mzima. Barua yako nimeisoma chooni, bweni zima lina macho.

Ndiyo. Wa kushoto.

Mamangu alinifunga huo mkono kwa kitambaa tangu nikiwa kama Uto. Kula nilijifunza, kupokea nilijifunza. Kusokota mkono wa kulia ulikataa, uzi unatoka kama utumbo wa kuku. Kwa hiyo nikaugeukia ukuta.

Unasema dakika moja. Hukuwepo, wewe ulikuwa unacheza na mbwa uani. Bengan aliposimama na kusema "dukani", nilimwambia ufungueni mpaka mwisho. Akasema nguo ya arusi haikatwi uzi. Ilibaki mimi kuonyesha mkono. Nikamwangalia mdogo wangu amekaa na maua yake kichwani. Nguo ya bibi arusi iliyosokotwa kwa kushoto! Angechelewa kushika mimba, ni mkono wa Nogo. Mtoto akifa, ni mkono wa Nogo. Mwizi hujidhuru mwenyewe. Nikachagua mwizi. Wakaenda kuazima nguo nyingine, akaolewa, ana watoto sita. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia.

Unadhani sina hasira? Nimelala nayo kitanda kimoja miaka kumi na miwili. Lile furushi lilikuwa la Bengan, wewe lilikupitia tu. Hilo nisamehe.

Sasa msikilize mamako. Mgeuze Uto mapema. Mfunge mkono, taratibu, kwa kitambaa laini.

Mamako

*

Kijijini, 26 Juni 1988

Mama yangu,

Salamu kutoka kwangu, kwa Laba na kwa Uto. Laba ameanguka kutoka mnazini lakini chini kulikuwa na Boli, kwa hiyo mzima yeye, Boli ndiye anachechemea.

Uto sikumfunga. Nilichukua kitambaa, nikaushika ule mkono, ulikuwa na joto kama yai, nikaurudisha kitambaa kabatini.

Nikaenda kwa Mjomba. Nguo yako iliyorudishwa bado alikuwa nayo, chini ya ile pembe, imeliwa na mende pembeni tu. Alhamisi nikaingia barazani kwao bila kuitwa. Nguo begani, Uto kiunoni, uzi mwekundu mkononi.

Bibi Bengan akasema, "Nani amekuita?"

"Hakuna, Bibi. Nimekuja mwenyewe kwa miguu."

Lipat akacheka, akaangaliwa, akanyamaza.

Nikamkalisha Uto mkekani, nikampa pamba. Akazungusha. Wakaguna wote, "Ah! Kushoto!" Nikampa Bibi Bengan ule uzi wa mtoto. "Pima." Akaufungua. "Wa dukani?" nikamuuliza. "Umemwona ananunua?" Kisha nikampa ule mwekundu. "Endelea mpaka mwisho, Bibi, leo hatuna haraka." Ukapasuka nyuzi mbili mbele yao. Nikaitandaza nguo yako, nikavuta uzi mmoja kutoka kwenye matamvua, nikaukata kwa meno. Walipiga kelele kana kwamba nimeuma mtu. Nikamwekea Bibi Bengan kiganjani.

Mama, aliufungua polepole sana. Ukarudi kuwa pamba.

Kisha Bibi Bengan akasema, "Kushoto ni kushoto." Nami nikapandwa na hasira, sikumbuki kama niliinua sauti, Uto anasema niliinua. Nikamwambia, "Mlimfukuza kwa uzi wa dukani. Leo si wa dukani, sasa mnamfukuza kwa mkono? Basi mfukuzeni na huyu hapa, ana miaka sita, semeni mbele yake!" Uto akamnyooshea uzi wake, akasema, "Bibi, nikupe na mwingine?"

Akaupokea. Akakaa nao mapajani mpaka mkutano ukavunjika. Msamaha hakuomba, usiungoje. Lakini Jumapili baada ya misa alikuja jikoni kwangu na uzi wa kipande cha tatu, amesokota mwenyewe, akauweka kwenye ungo bila kuketi. "Utepe wa mwisho," akasema, "ufume kwa uzi wa mtoto."

Nguo imepanda kwa akina Laba jana, Mjomba ameibeba kichwani. Walioipima walifika kwenye ule utepe, vidole vikasita. Bibi Bengan akawaambia, "Huo mimi naujua. Ni mkono wa Nogo." Wakapita.

Kwenye mahindi mapya Uto ataitwa ndani.

Bado nina hasira, Mama, zako, zao na za yule mtoto niliyekuwa. Njoo unisaidie kuzibeba, peke yangu ni nzito. Na ukija, usokote ukiwatazama watu usoni.

Mwanao,
Ose

*

Tawau, 9 Agosti 1988

Ose,

Mimi mzima. Meli ni ya mwisho wa mwezi.

Mwambie Bengan anipishe pale mwisho wa mkeka, upande wa mlangoni. Mkono wangu unataka nafasi kushoto, na nikimgonga kiwiko asiseme sikumwonya.

Mamako