Kupe wa Nyuma ya Sikio

Shianda,
Agosti 1996

Kaka Abdulmalik,

Mama hajambo, miwa imekatwa, mvua inanyesha. Hizo ndizo habari ulizozoea kupata kwangu.

Mwanangu Fauzia alifika likizo akiwa na kupe nyuma ya sikio. Nilimbana huyo kupe kwa kibano, nikamvuta polepole mpaka akatoka na kichwa chake. Mgongoni ana mistari myeupe ambayo sijawahi kuiona kwa kupe wa ng'ombe zetu, kwa hiyo nikampelekea bwana mifugo.

"Huyu ni kupe wa punda milia," akaniambia. "Huku kwetu hayuko. Anakaa nchi kame, kama Kajiado. Mtoto alikuwa wapi?"

Nikamjibu kwamba anasoma Nairobi, kwa mjomba wake. Si ndivyo ulivyoniandikia kila muhula?

Nilipomuuliza Fauzia mwenyewe, alilia kwanza. Kisha akasema anachunga mbuzi zako huko Kajiado tangu mwaka jana, na sare niliyomshonea anaivaa binti yako.

Usipitie kwa Mama kuniomba msamaha. Kupe nimemtia kwenye kiberiti, nimekifunga pamoja na barua hii. Ni wako, nakurudishia. Mwanangu harudi.

Aliyekuwa akikuamini,
Dada yako Mwanamisi