Binamu wa Bamia Jangwani

Mwanangu Zuhura,

Tangu uende Utah, nyumba yetu hapa Langley Park imepoa, ukiacha kelele za wajenzi wa reli. Jumamosi nilikwenda peke yangu Greenbelt kuchuma bamia kwenye kijishamba chetu. Nikakukumbuka ulipokuwa mdogo. Nilikuwa nikikuvalisha shati langu la mikono mirefu, maana bamia huwasha, nawe unalalamikia joto. Kazi yako ilikuwa kupikicha majani vidoleni, uone utelezi wake unavutika mpaka wapi. Nami nakukumbusha, "Mikono hiyo usitie machoni."

Wiki iliyopita ulinipigia simu kwamba kuna mtihani. Wakubwa wa hiyo kazi ya mimea uliyoiomba wangekupeleka nyikani, wakuonyeshe mmea mmoja, uutambue bila simu wala kitabu. Ukishindwa, kibarua kimeota nyasi. Asubuhi ya mtihani sikubanduka kwenye mswala.

Baadaye ukanisimulia. Ua la rangi ya chungwa, limeota kwenye mawe makavu ambako hata mbuzi angegoma kulala. Mwenzako aliona rangi akakimbilia kusema ni poppy, ua jingine la rangi hiyo. Wewe ukainama. Petali zilikuwa tano, na poppy kwa kawaida lina nne. Vijiti vya chavua vimeshikana katikati kama nguzo, jani lina vinyweleo. Ukalipikicha, likateleza.

"Mama, nikajua hapo hapo," ukaniambia. "It's bamia's cousin. Globemallow. Nikawaambia wasiguse macho, wakashangaa nimejuaje. Mama, wamenihaya, kazi nimepata."

Ukanieleza kwamba mmea huo jua likizidi hukauka juu, lakini mzizi haufi, na mwaka ukigeuka huchipua tena palepale. Nilikuwa nakusikia kwa shida, maana nilikuwa nalia.

Jana nilialikwa arusi Wheaton. Kina mama mezani walikuwa wakitaja watoto wao, huyu nesi, huyu injinia. Zamu yangu ilipofika nikasema wangu anatambua maua ya jangwani. Bi Mwanakheri akauliza, kazi hiyo ina faida gani? Nikamjibu, "Huko hawachimbi barabara mpaka mwanangu aseme kilichoota pale ni nini." Nikajipakulia pilau tena.

Najivuna, mwanangu, na sioni haya. Umenambia kazi imeanza, kwa hiyo Idi hii hutakuwapo. Itaniuma sana. Lakini usirudi kwa ajili yangu, shika kazi yako.

Akuombeaye kila swala,
Mama yako