Rula Juu ya Mstari wa Kumi na Saba

Kamalondo, Jumapili, nimetoka misa

Papa,

Nimeondoa rula yako. Usinikasirikie. Najua ulikataza mtu yeyote kugusa faili yako ya uchaguzi, ile ya kijani ya tangu ulipokuwa karani wa reli, lakini miezi minne imepita tangu tukuzike na nilikuwa na jambo la kuhakikisha. Nikaifungua. Karatasi nne za matokeo ya Mitwaba, moja kwa kila mara uliyogombea ubunge kule kwenu. Na rula ya mbao ilikuwa bado imelala juu ya karatasi ya mwisho, chini ya mstari wa jina lako, ulivyoiacha.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule kwa sababu ulisema barua haivai kandambili. Maneno ya watu lakini nayaandika yalivyotoka mdomoni, usianze kunisahihisha.

Nilikuwa nakutazama ukisoma zile karatasi, unajua? Unavaa tai kwanza, eti matokeo hayasomwi na shingo tupu. Unaweka rula chini ya mstari wako, unasoma namba moja tu, unafunga. Nikiuliza wengine wamepata ngapi, unasema, "Ya bengine hainiangalie," eti hazikuhusu.

Mara ya kwanza hakuna aliyekumbuka rula. Namba yako ya mgombea ilikuwa 17 na Mitwaba yote ilikuwa yako. Mama aliacha maharagwe yaungue na hukusema neno, ulikuwa unacheza uani na majirani. Miaka mitano tukaitwa nyumba ya depite, ya mbunge. Mara ya pili wakakupa namba 4, na pale kwenye mstari wa 4 kura zako za Mitwaba zilikuwa chache hata aibu kuzitaja. Mara ya tatu ulikuwa 22. Mara ya nne, 16. Hivyohivyo, kiduchu.

"Mitwaba balinitupa," ulisema. "Hata Feli."

Shangazi Feli, dada yako wa tumbo moja! Tangu siku ile hukukanyaga kwao tena. Alipotuma asali na karanga, uliwagawia majirani wote, sisi tukabaki kulamba vidole kwa kujificha. Na hilo, Papa, ndilo lililokuwa linaniwasha miaka yote, kuliko kushindwa kwenyewe. Dada anakunyima kura, halafu anakutumia asali? Kwa nini? Sikuwa na wa kumuuliza, maana wewe ukisikia jina lake unawasha redio.

Basi mwezi uliopita nikapanda lori kwenda Mitwaba. Niliaga nyumbani kwamba nampelekea shangazi habari za kilio na shati lako moja la ukumbusho. Uongo mtupu, nilikwenda kuuliza.

Siku tatu njiani, mgongo umekwisha. Shangazi akatoka mlangoni na fimbo, macho yake yameingia ukungu, akanipapasa uso mpaka akanijua. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Sikulia, Papa. Nilibaki namkodolea kichwa, kwa sababu alikuwa amefunga kitambala changu.

Unavikumbuka vile vitambala vya kampeni ya kwanza? Wenzako waligawa fulana za kupigwa rangi, ukifua mara mbili mgombea anabaki na jicho moja. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kujifunza ushonaji, kiburi kimenijaa, nikakuambia nitatarizi namba yako kwa uzi, kimoja kimoja, kwa wamama wote wa Mitwaba. Ukaniambia, "Tia nguvu, mutoto. Bafue mupaka siku ya kura." Nikatia uzi maradufu. Basi nguo yenyewe leo imekuwa rangi ya maji ya mchele, imetoboka pembeni, lakini 17 iko palepale, nyekundu, haijalegea hata mshono mmoja.

Jioni wakaja wamama wengine kukulilia, na wanne kati yao walikuwa na kitambala kilekile. Wakaimba, "Papa Diseti ametuacha." Nikadhani wamekosea msiba. Diseti ni nani? Kumbe ni wewe, kumi na saba kwa Kifaransa chetu cha sokoni. Wengine jina lako la ubatizo hawajawahi hata kulisikia.

Shangazi akanigombeza mbele yao wote. "Siye tunamuchagua kila mara, kila mara! Na yeye hata kuya kutusalimia, hapana."

Nikauliza polepole, "Shangazi, munamuchagua namna gani?"

Akagusa kichwa. "Si hii? Ulitushonea weye mwenyewe."

Nikamwambia namba zilibadilika, kila uchaguzi wanatoa namba mpya, uliweka hata mabango. Akasema mabango waliyaona, wakafikiri ile 4 ni ya watu wa mjini, yao ni ile ya kichwani. Nikauliza na mashine je? Maana ile mashine ya kura ukibonyeza namba inakutolea picha ya mgombea. Akacheka. "Na macho haya? Nilifinya diseti, nikaona tai. Nani mwingine huku anavaa tai?"

Niliporudi nyumbani sikuvua hata viatu. Nikaondoa rula. Mara ya mwisho ulikuwa wa 16, Papa, na rula uliyoiweka chini ya mstari wako ilikuwa imeufunika mstari wa 17 wote. Pale chini yake kulikuwa na kijana ambaye Mitwaba hawajawahi kumwona, na kura zake zinashinda zako kwa mbali. Nikarudi karatasi ya tatu, ya pili. Kila mara jina lingine, mstari uleule, kura zimejaa. Hakuna hata mmoja wao aliyeupata ubunge. Lakini ukizihamisha zile kura kwenye mstari wako, unashinda mara ya pili, unashinda na ya tatu. Mara ya nne hapana, wenye vitambala wengi walikuwa wameshakufa. Nimerudia hesabu mara tano, unajua mimi na hesabu.

Sasa niambie. Hukuwahi kuinua rula, hata siku moja tu kwa udadisi? Au uliinua, ukaona, na ukashindwa kuamini? Nakumbuka kabla ya mara ya pili nilikuomba nishone vitambala vipya. Ukakataa. "Bale ni bantu yangu. Bananiyua." Eti wanakujua. Ukaenda siku moja tu, ukasimama sokoni, ukaongea saa nzima juu ya madaraja, namba ukaitaja mara moja mwishoni watu wakiwa wanafunga mizigo yao. Nilikasirika nilipokumbuka hilo. Halafu nikaikasirikia cherehani yangu. Yule mshindani aliyekuangusha miaka yote alikuwa analala chumba cha pili na sindano mkononi. Nisamehe, Papa. Nilitaka usifutike.

Shangazi nilikuwa nimemweleza kulekule Mitwaba, kabla sijaona karatasi, kwamba kura zao zilikwenda kwa wengine. Akacheka mpaka akakohoa, kisha kicheko kikageuka kilio, akavua kitambala akajifutia nacho. "Kumbe yaya, ndugu yangu mukubwa, alikufa na hasira ya bure," akasema. "Na miye pia nilikuwa nayo." Shati lako hakuliweka sandukuni, alilala nalo.

Mengine huku ni yaleyale. Fidele wa mtaa wa pili ametangaza kugombea, anakuja kwangu kutaka fulana. Nimemwambia nashona magauni tu. Mama anavaa saa yako ingawa inamteleza mkononi.

Nilimwahidi shangazi kumshonea kitambala kipya chenye jina lako. Akakataa katakata. "Jina hatuyue kusoma. Acha namba." Basi nimekwenda kwa fundi anayechomelea msalaba wako. Chini ya jina na miaka nimemwagiza aongeze 17, si kwa rangi, kwa chuma kilichonyanyuka. Akaniuliza kama ndiyo namba ya kaburi. Nikasema hapana, ni ya kura.

Misa ya mwaka wako shangazi anakuja. Ameapa, hata kama ni juu ya magunia ya mahindi. Nakuahidi nitampokea mwenyewe kwenye lori, nimshike mkono mpaka makaburini, halafu nimwache apapase misalaba peke yake.

Lala, Papa Diseti. Safari hii hatakosea.

Binti yako,
Odila