Chanuo na Suruali

Shemeji yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba goti lako la kushoto limekubali kukuachia upande ngazi. Mimi sijambo kwa umri wangu, ila macho yamenichoka, na hasira, ambayo masista wa shuleni walituchapa ili itutoke, imenirudia uzeeni. Uniwie radhi kwa kuchelewa kuandika. Uniwie radhi pia kwa nitakayoyataja, maana si mambo ya kumwandikia mwanamke wa heshima, lakini sina njia ya kuyakwepa.

Unajua kwamba nilipostaafu, makumbusho waliniomba niendelee kuja siku tatu kwa wiki kutunza chumba cha chupa. Humo wamehifadhiwa ndani ya spiriti wale buibui wakubwa wenye manyoya, waitwao tarantula. Miezi minne iliyopita alifika mtaalamu wa buibui, binti wa rika la mwanangu wa mwisho. Huniita Babu Chupa. Mimi humwita Daktari, naye hukataa, akisema daktari ni yule wa sindano. Alikuja kukagua upya majike arobaini niliowaandaa mwenyewe miaka tisa iliyopita.

Wapo wa aina mbili zinazofanana kama mapacha, na hutofautishwa kwa alama mbili tu. Ya kwanza ni vinyweleo vigumu kwenye shina la meno ya sumu: aina moja inavyo, vimejipanga kama chanuo, na nyingine haina. Ya pili, unisamehe, ni kiungo cha ndani cha jike, yaani vifuko viwili anamohifadhi mbegu za dume. Kwa wenye chanuo, vifuko vimeachana kama vidole viwili. Kwa wasio na chanuo, vimeungana juu kama suruali. Kiungo chote hakizidi punje ya mchele. Hukatwa kwa wembe, husafishwa, hutiwa katika kichupa chake, kisha hurudishwa ndani ya chupa ya mwenyewe.

Basi kila asubuhi Daktari aliinamia hadubini na kuguna. Mwenye chanuo alikutwa na suruali, asiye na chanuo alikutwa na vidole. Kumi na saba kati ya arobaini walikuwa hivyo. Alibadilisha taa, alibadilisha lenzi, akaniuliza kama buibui wangu wanatutania au wameazimana nguo. Fundi wa hadubini aliitwa mara mbili. Mara ya pili akasema chombo ni kizima, labda sasa tumwite fundi wa macho. Daktari alicheka. Mimi nilimjibu yule fundi kwa ukali usionistahili, na hadi leo sijamwomba radhi.

Wiki iliyopita Daktari akaniambia kwa furaha kwamba amepata jibu. Alama hizo mbili haziendi pamoja, kwa hiyo aina ni moja tu, na waliotutangulia walikosea. Makala ilikuwa tayari, angeituma Ijumaa, na jina langu lingewekwa kwenye shukrani kwa uangalifu wangu wa miaka mingi. Nilimsihi atazame tena. Akasema ametazama mpaka anaota suruali. Nikasema huenda spiriti imeviharibu vifuko. Akasema, Babu, tangu lini spiriti ikashona vidole?

Alhamisi nilimweleza. Siku moja, miaka tisa iliyopita, viungo vyote arobaini vilikuwa kwenye trei, kila kimoja katika kisahani chenye namba, nami nikaipiga kumbo. Vikamwagika sakafuni vyote. Utaratibu wetu ni wazi: kielelezo kikipotewa na namba, huandikwa daftarini kwamba hakijulikani ni cha nani, basi. Mimi sikuandika. Niliviokota kwa kibano kimoja kimoja, nikavigawa kwa kukisia.

Daktari hakunikaripia, na heri angenikaripia. Alifunga kompyuta yake, akasema miezi minne, Babu. Kisha akauliza kwa nini sikuandika mstari mmoja tu. Nikasema sijui. Makala hakuituma. Sasa tunalinganisha kingo za kila kipande na tundu kilikokatwa, kama mtu anayetafuta kiraka ni cha nguo gani. Kingo zimelainika, na hadi jana tumepata watano. Ameniomba pia maelezo ya maandishi yenye tarehe, saa na sahihi, yabandikwe daftarini.

Nimeyaandika, shemeji, na kabla hayajasomwa na mwingine inanipasa uyajue wewe. Tarehe ni ile ya msiba wetu. Saa ni tano hadi sita kasorobo. Simu yako ndiyo iliyonishtua kiwiko kikagonga trei. Uliniambia niache kila kitu nije, mdogo wako ananiulizia, na kutoka pale hadi hospitali ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nilipofika nilikuambia kwamba mkuu wa idara alinizuia ofisini. Uliniamini. Ulikataa kumpa mkono mazikoni, na hujamsalimu hadi leo. Mkuu hakuwapo kazini siku ile. Aliyenizuia ni mimi, nikitambaa chini ya meza na kibano, nisije nikaonekana mzembe. Nilidhani mke wangu angenisubiri. Uliniambia alifariki saa tano na nusu, na kwamba kila mlango ulipofunguliwa aligeuza kichwa.

Sikuombi jibu. Ukiona vema kunyamaza, nitajua umenyamaza kwa haki. Lakini mkuu wa idara bado anakaa mtaa wa nyuma yako, naye ni mzee kama sisi. Nakusihi umsalimu.

Nisalimie watoto na wajukuu wote. Bwana akulinde, na goti lako alipe nafuu.

Wako kwa unyenyekevu,
Mume wa marehemu mdogo wako