Mbono wa Dada Yako

Masumbwe, Jumapili

Shemeji Suzana, mjane mbishi wa Songwa,

Huku mimi sasa ni mganga mkubwa, na hakuna mgonjwa aliyenifia. Haya, nimeshadanganya na wino haujakauka. Mgonjwa nilikuwa na mmoja tu, dada yako Generosa tuliyemzika mwezi uliopita.

Mpunga umesimama vizuri. Mbuzi wamenenepa, wanakula kila kitu isipokuwa mibono ya uani. Wananishinda akili.

Ninyi wa Songwa tuliwaambia kilichomuua ni tumbo. Kweli, ila alikuwa amefunga choo tu, nikamchumia mbegu za mbono. Zikiwa chache ni dawa, zikizidi ni sumu, nami nalijua hilo tangu utoto. Generosa akauliza, "Baba Herman, nile ngapi?" Nikamjibu, "Kula mpaka unione kijana."

Miaka arobaini na sita ya ndoa hakuwahi kuamini neno langu hata moja, Suzana. Hilo akaliamini.

Alitapika tangu asubuhi. Mchana nikamwuliza, "Umeshaniona kijana?" Akasema, "Bado mzee tu," akacheka kidogo. Gari tulilipata jioni. Hospitali ya Kahama hakufika.

Kaburini wamechomeka mti wa mbono, kama desturi yetu. Umeshachipua.

Mumeo alipokufa nilikuja Songwa nikakutania mpaka ukacheka matangani. Fadhila ile hujairudisha. Huku kila mtu ananipa pole. Njoo wewe unitukane, kwa sauti, mbele ya watu.

Ni mimi shemeji yako,
Maduhu