Shangazi, Adabu Yako Nusura Iniponze

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Duka la Dawa.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu tele kutoka kwa mwanao. Mgongo unaendeleaje? Na macho je, umeshapata miwani, au bado barua zangu unasomewa na jirani? Kama ndiye anayesoma hii, namsalimu pia, na namwomba asiruke mistari.

Huku tupo. Baba watoto bado yuko na lori lake, na kitinda mimba ameota meno, sasa anang'ata kila kilicho mbele yake.

Nataka kukueleza habari ya ile dawa. Unajua huu ugonjwa wangu wa lupus, kinga ya mwili inavyomgeukia mwenye mwili. Umefika kwenye figo, na dawa za zamani zimegonga mwamba. Daktari akaniambia kuna dawa mpya ya kingamwili, ya dripu, lakini ndiyo kwanza inajaribiwa. Hatua hii hawaulizi hata kama inaponya, wanaangalia kama haidhuru. Nilisomewa yote, nikauliza maswali mpaka daktari akaomba maji ya kunywa, nikakubali.

Utaratibu wao, mmoja hutangulia, akaangaliwa, ndipo wengine wafuate. Mimi ndiye niliyetangulia. Aliyenifuata ni mgonjwa mwenzangu, mwalimu wa shule, mama wa mapacha.

Basi nikatundikiwa dripu. Haikupita muda kifua kikaanza kubana, ngozi ikawasha mpaka nyayo. Sista akaja, akauliza, "Unajisikiaje, mama?" Nami, mtoto uliyemlea wewe, nikajibu, "Sijambo, dada. Za kwako?"

Si ndivyo ulivyonifunza, salamu hujibiwa kwa uzima, mengine baadaye? Na nisikufiche, niliogopa. Nilijua nikilalamika watanitoa, na figo zangu hazina pengine pa kukimbilia.

Sista hakuondoka. Akavuta kiti, akasema, "Mama, hapa hatusalimiani. Ukisema hujambo naandika hujambo, na mwalimu anatundikiwa vilevile kesho."

Mwalimu nilimwona kupitia kioo cha mlango, anasahihisha madaftari kwa vidole vilivyovimba kama vyangu. Nikasema yote, mpaka nyayo. Wakafunga dripu palepale, wakanichoma sindano, kifua kikafunguka. Nililia sana, nikijua ndiyo basi tena.

Kumbe wala. Daktari alinishukuru, Shangazi. Akasema hilo hasa ndilo walilokuwa wanalitafuta. Wakapanga upya: kwanza dawa ya kutuliza mzio, halafu dripu iende polepole. Mwalimu akatundikiwa hivyo, akamaliza bila hata kujikuna. Baadaye nami nikarudishwa, nikamaliza. Kama figo zitapona, bado hakuna ajuaye, na daktari hataki niimwagie dawa sifa mapema. Lakini sikufungiwa mlango. Namshukuru Mungu, namshukuru sista aliyevuta kile kiti.

Ijumaa nilikwenda kupimwa. Sista akaniuliza tena. Safari hii nilijikagua kwanza, kifua, ngozi, vidole, kisha nikamwambia sijambo. Akanitazama kidogo, akaandika.

Nisalimie mjomba kinyozi, mke wa kaka, na yule binamu mrefu tunayemwita Ngazi. Nawe Shangazi, ukinijibu, anza na mgongo. Mungu akupe uzima wa kweli, siyo ule wa kwenye salamu.

Mwanao akupendaye na kukushukuru,
Fundi Cherehani wako