Udongo Anaokunywa Dada

Shoga, hata kuandika siwezi vizuri. Dada ameanguka kifafa leo, palepale kwenye cherehani, mbele ya mteja aliyekuja kujaribu gauni.

Kifafa! Kile tulichokuwa tumeshakisahau!

Unaujua ule udongo wa tiba anaojipaka usoni. Sikatai, chunusi zilikauka, akang'aa kama kigae. Basi muuzaji akamwambia, "Ukiunywa utasafisha na tumbo." Akawa anaukoroga kwenye maji kila asubuhi, na kwa maji hayohayo anameza vidonge vyake vya kifafa.

Kwa maji hayohayo, shoga!

Tulipomfikisha hospitali, daktari akamuuliza kama ameacha dawa. Dada, na ulimi umevimba kwa kuung'ata, akaja juu: "Sijaruka hata siku moja!" Na kweli hajaruka.

Daktari akamwambia taratibu, "Ulikuwa unameza, ila udongo unazinasa dawa tumboni. Kwenye damu hazifiki."

Dada akajipapasa shavu. Halafu kwa sauti ndogo: "Na usoni je, naruhusiwa?"

Nilicheka, shoga, kisha nikalia pale pale. Daktari kasema usoni apake tu, mradi asiwe na kidonda. Mdomoni marufuku.

Sasa amelala. Lakini kabla hajasinzia kanishika mkono, kaniambia juzi alimpelekea mama yako mfuko mzima, na akamwelekeza namna ya kuukoroga.

Mama yako si yuko kwenye dawa za moyo?

Mpigie sasa hivi. Asipopokea, nenda.